Tungamo la moli: kile kinukta katikati ya fomula kinaangusha wengi, tukijadili hapa

FundiMaabara (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi maabara wa sekondari, mwaka wa 14 sasa kazini. Wiki iliyopita nilikaa na mwalimu wa kemia tukapitia madaftari ya kidato cha 3, mada ya moli (moli ni fungu la chembe lenye idadi maalumu, na tungamo lake ni gramu za fungu hilo), na nikakuta makosa yale yale ya mwaka jana na juzi. Kujumlisha watoto wanajua, kuzidisha wanajua. Kinachowashinda ni kuisoma fomula yenyewe. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu liliwahi kuniangusha mimi mtu mzima.

Nilikuwa mwaka wangu wa pili kazini, shule nyingine, sitaitaja. Kulikuwa na mtihani wa vitendo wa ndani, titresheni ya kawaida kabisa, yaani kudondoshea asidi hadi rangi igeuke: asidi hidrokloriki 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) kwenye bureti, na myeyusho wa kaboneti ya sodiamu, Na₂CO₃, 0.05 M, sm³ 25 kwa kila jaribio. Tungamo za atomi ninazo kichwani. Sodiamu 23, ziko mbili, 46. Kaboni 12. Oksijeni 16, ziko tatu, 48. Jumla 106. Moli 0.05 kwa lita ni 106 × 0.05, yaani gramu 5.3. Nikapima gramu 5.3 taratibu, nikayeyusha, nikajaza maji hadi kwenye mstari wa lita, nikatikisa.

Mtihani ukaanza. Asidi ilitakiwa ifike karibu sm³ 25 ndipo rangi igeuke. Hazikupita dakika kumi, msichana wa benchi la mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, yangu imeshageuka kwenye 9.3." Jirani yake 9.2. Wa nyuma yao 9.3. Mwalimu akadhani nimeharibu asidi. Nikaimwaga, nikatengeneza nyingine, jibu likarudi lile lile. Ndipo akaniambia, "Hebu lete chupa uliyochotea." Ndani mlikuwa na fuwele kubwa zinazong'aa kama barafu iliyovunjwa. Lebo ilikuwa imeliwa pembeni, lakini fomula ilisomeka vizuri: Na₂CO₃·10H₂O.

Yale maji kumi ni gramu 180. Kwa hiyo moli moja ya kilichokuwa kwenye chupa ni 106 + 180, gramu 286, na nilitakiwa kupima gramu 14.3. Zile 5.3 zangu zilikuwa moli 0.0185 tu. Fuata hesabu, asidi moli 2 kwa kaboneti moli 1, utaiona 9.3 ikitokea yenyewe. Watoto walikuwa sahihi tangu mwanzo. Mtihani ukarudiwa Jumamosi, na wanaotoka mbali ikabidi watembee tena siku ya mapumziko kwa ajili ya kinukta nilichokiruka mimi.

Tangu siku ile fomula naisoma kwa sauti kabla ya kugusa kikokotoo, na wanafunzi nawafundisha hivyo hivyo. Ca(OH)₂ isome: kalsiamu moja, halafu fungu la oksijeni na hidrojeni, fungu zima mara mbili. 40 + 2 × (16 + 1) = 74. Asiyesoma mabano anaandika 40 + 16 + 2, anapata 58. Kwenye (NH₄)₂SO₄ wengi wanazidisha hidrojeni wakasahau nitrojeni imo ndani ya mabano hayo hayo. Wanapata 118 badala ya 132.

Walimu, wanafunzi, na wanaotumia hesabu hizi kazini, karibuni tuchangie.

Binti_F3

Shikamoo fundi. Asante sana kwa uzi. Mimi niko kidato cha 3 na nina swali ambalo darasani niliona aibu kuuliza. Kile kinukta si alama ya kuzidisha? Kwenye hisabati tunaandika hivyo hivyo. Juzi tulipewa CuSO₄·5H₂O. Nilipata CuSO₄ ni 159.5, na 5H₂O ni 90, nikazidisha, ikaja 14,355. Nikajua kuna kitu hakiko sawa lakini sikujua ni wapi.

FundiMaabara

Marahaba binti. Hilo swali lako ndilo lililonifanya nifungue uzi, usilionee aibu. Na nimefurahi umeishuku 14,355, kwa sababu chumvi za kawaida za maabara hazifiki huko.

Kinukta hapa maana yake ni "pamoja na". Salfeti ya shaba imekaa kwenye fuwele pamoja na molekuli tano za maji. Kwa hiyo unajumlisha: 159.5 + 90 = 249.5. Ile 5 inazidisha molekuli nzima ya maji, 5 × 18. Wapo wanaoipa hidrojeni peke yake, 10 + 16, wakaishia 185.5. Nalo ni kosa.

Ukitaka uamini kwa macho, mwombe mwalimu mfanye hivi. Salfeti ya shaba ni ule mrututu wa bluu ambao bibi zetu wanaujua. (Ni sumu, usionje, na nawa mikono baada ya kuushika.) Pima gramu 2.50, weka kwenye neli kavu, ishike kwa kibanio mdomo ukiwa umeinama kidogo, pasha moto pole pole. Utaona bluu inakimbia, unga unageuka mweupe kama chokaa, na karibu na mdomo wa neli yanajikusanya matone ya maji. Neli inainamishwa ili matone hayo yasirudi kwenye kioo cha moto kikapasuka. Iache ipoe, pima tena. Ukifanya kwa uangalifu utapata karibu gramu 1.60. Zile 0.90 zilizopotea ndizo maji: 90 gawanya kwa 249.5 ni asilimia 36, na asilimia 36 ya 2.50 ni 0.90. Halafu dondoshea tone moja la maji kwenye ule unga mweupe. Bluu inarudi pale pale, na neli inapata joto mkononi.

Mwl_Mstaafu

Nimefundisha kemia miaka 31, niruhusuni nitie neno.

Kwanza nampongeza fundi kwa kusema "tungamo". Wengi wanasema uzito wa moli. Uzito ni nguvu, unapimwa kwa nyutoni, na ukipanda mwezini unapungua. Tungamo halipungui. Moli moja ya maji ni gramu 18 Kariakoo na gramu 18 mwezini. Na mtoto asiache kuandika gramu kwa moli mwishoni. Tungamo la fomula lenyewe, lile la kulinganisha na kaboni 12, halina kipimo. Ukilibeba kama gramu ndipo unakuwa na moli, chembe 6.022 × 10²³.

Pili, watoto huniuliza kwa nini klorini ni 35.5 ilhali hakuna nusu ya protoni. Klorini tuliyonayo duniani ni mchanganyiko wa aina mbili: takriban robo tatu ina tungamo 35, na robo iliyobaki ina 37. Chukua atomi nne: 35 + 35 + 35 + 37 ni 142, gawanya kwa nne, 35.5. Shaba nayo ni hivyo, ina 63 na 65, ndiyo maana tunaandika 63.5. Vitabu vingine vinaandika 64. Kwenye mtihani tumia namba ulizopewa kwenye karatasi, usilete zako za kukariri, maana anayesahihisha anazifuata zile.

Tatu, fundi, ile soda yako, yaani kaboneti ya sodiamu, ina hila nyingine. Fuwele zenye maji kumi zikikaa na kifuniko kilicholegea zinapoteza maji zenyewe na kugeuka unga, na mara nyingi zinasimama kwenye molekuli moja ya maji, Na₂CO₃·H₂O, ambayo ni 124. Lebo bado inasema 10. Nimewahi kuona chupa moja juu ina unga na chini ina fuwele. Huwezi kupata tungamo moja la moli la kitu kama kile. Kwa titresheni ya kuaminika, tumia kaboneti kavu uliyoipasha moto, ikapoa kwenye chombo kikavu kilichofunikwa, na hapo 106 ni halali yako.

FundiMaabara

Mwalimu, hilo la tatu limeniingia. Kesho naanza kukagua chupa zote za soda tulizonazo.

Mkenya_wa_Kajiado

Salamu kutoka Kenya. Uzi mzuri huu. Mnapozungumzia soda na kinukta, mmenikumbusha nyumbani, maana Ziwa Magadi liko kwetu. Yale magadi yanayochimbwa ziwani ni chumvi mbili zimeshikana na maji: Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O. Vinukta viwili ndani ya fomula moja! Kwa jinsi fundi alivyosema, unajumlisha mafungu matatu: 106 + 84 + 36 = 226.

Raha yake iko kiwandani. Magadi hayo yakipashwa moto, maji yanatoka, ile baikaboneti (NaHCO₃) inavunjika inatoa kaboni dioksaidi, inabaki soda kavu. Moli 2 za magadi zinatoa moli 3 za Na₂CO₃, moli 5 za maji na moli 1 ya kaboni dioksaidi. Weka gramu: 452 upande huu. Upande wa pili 318 + 90 + 44. Jumlisheni muone. Kwa hiyo tani moja ya magadi safi inakupa karibu kilo 700 za soda, na kilo 300 zilizobaki zimeruka hewani. Mtu anayepanga malori anahitaji kuijua namba hiyo.

Mwl_Mstaafu

452 kamili. Mfano huu ningeupata zamani, ningeufundisha kila mwaka. Na mama anayechemsha maharage kwa magadi ya mawe anashika fomula hiyo hiyo, ikiwa na uchafu wa ziwa ndani yake.

Mkulima_Mbozi

Mimi si mtu wa kemia, shule niliishia la saba, nalima mahindi. Lakini nimesoma uzi wote kwa sababu ya ile (NH₄)₂SO₄. Hiyo si ndiyo mbolea ya SA tunayonunua dukani? Naombeni mnisaidie jambo moja. Mfuko wa urea umeandikwa 46, wa SA umeandikwa 21. Muuza pembejeo ananiambia SA ni nafuu kwa mfuko, nichukue hiyo. Hizo namba zinatoka wapi, na je, ni kweli ni nafuu?

FundiMaabara

Mkuu, umeuliza jambo kubwa, na hesabu yake ni hii hii.

Urea ni CO(NH₂)₂. Kaboni 12, oksijeni 16, halafu fungu la nitrojeni 14 na hidrojeni mbili, 16, mara mbili, 32. Jumla 60. Ndani ya hizo 60, nitrojeni ni 14 × 2 = 28. Sasa 28 gawanya kwa 60 ni asilimia 46.7. Kwenye mfuko wanaandika 46 kwa sababu mbolea ya kiwandani ina unyevu kidogo na uchafu mdogo. SA ndiyo hiyo (NH₄)₂SO₄, jumla 132, nitrojeni ni 28 vile vile. 28 gawanya kwa 132 ni asilimia 21.

Kwa hiyo mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za nitrojeni, na wa SA una kilo 10.5. Mifuko miwili ya SA ni kilo 21, bado haijaufikia mmoja wa urea. Ukitaka kulinganisha bei, gawanya bei ya mfuko wa urea kwa 23, na ya SA kwa 10.5, utapata bei ya kilo moja ya nitrojeni. Ongeza na nauli, maana SA unabeba mifuko zaidi ya miwili kwa kazi ya mmoja.

Ila usiidharau SA. Ndani ya 132 kuna salfa 32, asilimia 24, na urea haina salfa kabisa. Shamba likiwa na upungufu wa salfa, ile hesabu ya nitrojeni peke yake haikuelezi yote. Lakini SA ikitumika mfululizo inazidisha uchachu wa udongo, kwa hiyo pima udongo au muulize afisa ugani kabla hujaamua.

Mkulima_Mbozi

Nimeelewa. Nimechukua karatasi nikagawanya sasa hivi kwa bei za dukani kwetu, na SA imekuwa ghali kuliko urea kwa kila kilo ya nitrojeni. Miaka yote nilikuwa nalinganisha mifuko. Ubarikiwe sana.

Sabuni_Kigoma

Na mimi nitoe langu. Natengeneza sabuni ya mche kwa mawese. Nilipoanza nilipewa kipimo cha mdomo: kilo moja ya mawese, kikombe cha kostiki soda. Kikombe kipi? Kila mtu na chake. Sabuni yangu ya pili iliwachubua wateja mikono, na mmoja alinirudishia miche yote akiwa na viganja vyekundu. Sijaisahau sura yake.

Kijana mmoja aliyesoma kemia ndiye aliyenikalisha chini. Akaniambia kostiki ni NaOH, 23 + 16 + 1, gramu 40 kwa moli. Mafuta ni molekuli kubwa, na kila moja inahitaji kostiki tatu, yaani gramu 120. Mawese yana mafuta ya aina kadhaa, tuchukue mawili ya mfano. Moja ni C₅₁H₉₈O₆, jumla 806. Lingine ni C₅₇H₁₀₄O₆, jumla 884. Kilo moja ya lile la kwanza inataka kostiki gramu 149, ya lile la pili gramu 136. Mawese ni mchanganyiko, yanakaa katikati, karibu gramu 141. Mimi naweka 134, ili mafuta kidogo yabaki na kostiki yote iishe. Nilinunua mizani ya jikoni inayosoma gramu, kikombe nikakitupa.

Onyo kwa wanaoanza: msibadilishe kostiki soda na kostiki potashi kwa gramu zile zile. Potashi ni KOH, 39 + 16 + 1, ni 56. Anayeona kwenye kanuni potashi gramu 56 akaweka soda gramu 56 ameongeza ukali kwa asilimia 40. Vaeni glavu na miwani, na kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, msimwage maji juu ya kostiki.

Mwl_Mstaafu

Dada wa Kigoma (au kaka, nisamehe), hii naomba kuichapa niwapelekee vijana wa jirani. Nimezipitia 806 na 884, ziko sawa.

Sabuni_Kigoma

Ni dada, mwalimu. Chapa tu, ni yako.

Binti_F3

Fundi, nimejaribu nyingine peke yangu usiku huu. Mama ana shabu ndani, ile wanayosafishia maji. Nimetafuta fomula yake nikaona ni KAl(SO₄)₂·12H₂O. Nimesoma kwa sauti kama ulivyosema. Potasiamu 39. Alumini 27. Salfa 32. Oksijeni 16 mara 8, ni 128. Maji 12 × 18, ni 216. Jumla 442. Ni sahihi?

FundiMaabara

Umekaribia sana. Kinukta umekisoma vizuri, na 216 yako haina kasoro. Rudi kwenye mabano, isome tena kwa sauti, polepole. Ile 2 ya nje inazidisha nini na nini?

Binti_F3

Ooh! Salfa nayo imo ndani. Ni 32 mara 2, 64. Kwa hiyo 39 + 27 + 64 + 128 + 216 = 474.

FundiMaabara

474, gramu kwa moli. Sasa niambie, moli 0.1 ya shabu ni gramu ngapi?

Binti_F3

47.4.

FundiMaabara

Jumatatu mwambie fundi wa maabara yenu akupimie hizo 47.4 kwenye mizani, kisha azimwage juu ya karatasi. Zitazame vizuri. Kwenye lile rundo dogo mna maji gramu 21.6, na ukizigusa ni kavu kabisa.